Nzi wa Mkono wa Kushoto

Wiki iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu kwenda kutengeneza kucha katika saluni moja pale Langley Park, na sikudumu ndani hata dakika tano. Dada aliyekuwa akimhudumia alifungua kichupa, harufu kali ya vanishi ikanifikia pale nilipokaa, na kufumba na kufumbua nilikuwa nje kwenye maegesho, koti mkononi, nalia mbele za watu. Rafiki yangu alidhani nina mimba. Nilimwambia ni harufu tu, nikaliacha hapo, maana ningeanza kueleza tungefika jioni.

Mama alituacha mwaka jana. Wenzangu waliofiwa na mama zao wamebaki na leso, sufuria, Biblia zenye mistari iliyopigwa kalamu. Mimi nguo zake niliwagawia watu mapema, nikijiona mtu mwenye busara, na sasa najuta. Kilichobaki ni harufu hiyo, na hainipi taarifa kabla ya kuja.

Ilikuwa harufu ya kazi yake. Kabla ya kuja Marekani Mama alikuwa fundi wa kufunga nzi. Si nzi hawa wa kufukuza mezani. Ni ndoana iliyovishwa manyoya, nywele za wanyama na nyuzi za rangi mpaka samaki aone kitu chenye uhai. Kule kwetu Limuru palikuwa na karakana ambayo wanawake walikaa kwa safu, kila mmoja na kijiliwa chake kidogo cha kubania ndoana, wakifunga nzi tangu asubuhi hadi jioni. Nzi hao walisafirishwa hadi Skoti, kwa wavuvi wa samaki aitwaye samoni. Katika safu hiyo hakuna aliyewahi kumwona samoni, wala Skoti. Mwisho wa kazi, kila kichwa cha nzi kilidondoshewa tone la vanishi ili uzi usifunguke, na wote walirudi nyumbani wakinukia hivyo, hata kanisani Jumapili.

Mama alikuwa mashoto. Uzi wake ulizunguka ndoana kinyume na wa wenzake wote. Msimamizi alimgombeza miaka ya mwanzo, kisha akanyamaza, kwa sababu nzi wa Mama hawakufunguka. Hilo lilikuwa jambo pekee nililowahi kumsikia Mama akijisifia. "Wangu haifungukangi," alikuwa akisema, na anakuonyesha kichwa cha nzi kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa na shaka.

Siku moja, nikiwa na miaka minne, aliamka mapema akavaa sweta lake la kijani. Nilimwona akiwa na boksi la nzi kwapani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Napeleka nzi kazini. Nitarudi jioni." Alirudi baada ya miaka minne, au niseme ni mimi niliyemfuata, maana tulikutana uwanja wa ndege wa Dulles, mimi nikiwa nimeshikwa mkono na mhudumu wa ndege na nimevaa kadi shingoni, na mwanamke mmoja mnene kidogo, mwenye nywele fupi, akapiga magoti sakafuni akilia. Nilimsalimia kwa heshima, shikamoo, kama Shosho, nyanya yangu niliyeachiwa, alivyonifundisha kuwasalimu wageni. Namna uso wake ulivyobadilika sikuielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Tuliishi Adelphi, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na sebule, karibu na University Boulevard. Mama alikuwa akimtunza mzee mmoja Mskoti huko Bethesda, mjane, miguu imemwisha nguvu na kumbukumbu zikimtoka moja moja. Nikitoka shule nilikaa kwa jirani yetu Mama Salma, mwanamke wa Tanga mwenye maneno, ambaye aliona Kiswahili chetu sisi Wakenya ni ugonjwa unaotibika. Jumamosi Mama alinibeba kazini. Aliniambia nimwite yule mzee Guka, yaani babu, na mzee akalipenda jina hilo mpaka akawa analitumia yeye mwenyewe kwenye simu.

Guka alikuwa na chumba kilichojaa fimbo ndefu za kuvulia. Siku Mama alipokuwa akipangusa vumbi humo, alifungua kisanduku cha bati akakuta nzi, safu kwa safu. Nilikuwa sakafuni nikipaka rangi kitabu changu. Nilimwona akimtoa mmoja, akamsogeza dirishani, akamgeuza. Kisha akakaa kwenye kiti cha Guka, kiti ambacho hakuna aliyekikalia.

"Ukuje uone," akaniita. "Angalia huu uzi. Unaenda upande gani?"

Sikujua. Akanishika kidole akakizungusha hewani, mwendo wa mkono wa kushoto.

"Huyu ni wangu," akasema. "Mimi ndiye nilifunga huyu."

Alipomwambia Guka, mzee alimtaka arudie mara tatu, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alisema nzi yule aliwahi kumpatia samaki mkubwa kuliko mimi, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza ni nani huyu anayefunga nyuma mbele. Huenda palikuwa na mashoto mwingine kwenye safu nyingine. Mama hakutaka kusikia habari za mashoto mwingine.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika nyumba ile. Guka aliyesahau kama amekula alikumbuka mito yote. Alinieleza kwamba samoni huzaliwa mtoni, akaenda baharini miaka kadhaa, halafu akarudi mto uleule, na kwamba akishaingia mtoni hali tena chakula. "Sasa kwa nini anamla nzi?" nikauliza. Akasema hakuna anayejua. Labda ni hasira, labda ni mazoea. Alinieleza vilevile kwamba uvuvi wenyewe una msimu, mito ikifungwa na kufunguliwa kwa tarehe, na mto wake, uitwao Tay, hufunguliwa Januari, baridi ikiwa bado kali. Watu hukusanyika asubuhi, zumari zikapigwa, pombe kidogo ikamwagwa kwenye mashua, ndipo mtu wa kwanza akarusha nzi wake majini.

"Mwaka huu, siku ya kufungua, mimi na Grace tutakuwa mtoni," alisema, na Grace ndiye Mama. Alisema leo, akasema Jumamosi iliyofuata, akasema kwa binti yake kwenye simu. Mama alikuwa akitabasamu tu. Mimi niliacha kupaka rangi. Ramani kubwa ya Skoti ilikuwa ukutani, na kati yake na Bethesda palikuwa na bahari nzima.

Baada ya Krismasi Mama aliweka kijiliwa kwenye meza yetu ya kulia. Alikuwa ameazima cha Guka, pamoja na ndoana na mfuko wa manyoya. Aliapa atafunga nzi mpya wa kufungulia msimu, mweusi, kifua cha rangi ya chungwa, utepe wa fedha tumboni. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni; miaka ya kuinua wazee na kufua mashuka si mchezo. Wa kwanza alimtupa, wa pili akamtupa. Mama Salma alikuja na sahani ya kalimati, akasimama mlangoni akitazama.

"Mwenzangu," akasema, "sisi wengine nzi tunawapulizia dawa. Wewe unawatengeneza?"

Mama alicheka. Nilikuwa nimekaa naye mwaka na nusu na sijawahi kumsikia akicheka vile, kichwa kikienda nyuma. Jioni zile alinisimulia habari za karakana, nani alikuwa mchawi wa manyoya, nani alikuwa akisinzia. Alikuwa mzuri. Nisiseme uongo, sikuwahi tena kumwona mzuri hivyo, na laiti ningejua kumtazama bila kuogopa. Lakini chumba kilikuwa kimejaa harufu ya vanishi, na mimi mara ya mwisho kuisikia mkononi mwake nilikuwa na miaka minne.

Jumapili tulipotoka kanisani alimaliza. Alidondosha tone kichwani mwa nzi, akamtia kwenye kikopo cha dawa kisicho na kifuniko ili akauke, akakiweka dirishani. Kesho yake ilikuwa sikukuu, shule zimefungwa. Akawa anakunja nguo, mgongo amenipa.

"Kesho utashinda na Mama Salma," akasema. "Napeleka nzi kwa Guka. Nitarudi jioni."

Sidhani alisikia alichokisema. Yalikuwa maneno yaleyale, yamebadilika mwisho wa safari tu. Nilimuuliza kama ataenda na sweta. Akasema, "Si ni January? Lazima nivae sweta." Basi kwangu mambo yakawa wazi kabisa. Guka alikuwa akisema ukweli. Walikuwa wanakwenda Skoti kufungua mto, na mimi ningebaki na Mama Salma, ambaye alikuwa mwema, kama Shosho alivyokuwa mwema.

Nilifikiri kwa akili ya miaka tisa na nusu. Watu wote wale, zumari zote zile, walikuwa wakimsubiri nzi huyu. Bila nzi mto haufunguliwi. Mto usipofunguliwa, Mama hana sababu ya kukaa huko. Alipoingia kuoga, nilichukua mashine ya kukatia kucha nikaenda dirishani. Vanishi ilikuwa haijakauka vizuri. Nilitafuta mahali uzi ulipofungiwa, nikabana, ikalia tik. Nikalilaza lile nyoya jeusi na mate kidogo, likarudi kama lilivyokuwa. Mikono haikunitetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Asubuhi nilisahau mipango yote. Mama alipofungua mlango na kikopo mkononi, na sweta mwilini, nilimkumbatia miguu nikapiga kelele ambazo zilimtoa Mama Salma nje na gauni la kulalia. Nilishazoeleka kuwa mtoto mtulivu. Mama akajaribu kunibandua, akashindwa.

"Mchukue," Mama Salma akasema. "Huyu leo akibaki, mimi nitakuwa chizi kabla ya adhuhuri. Kwani kuna ubaya gani akiona maji?"

Nikachukuliwa. Ndani ya gari nilikuwa nikihesabu mabango, nikisubiri yale yenye picha ya ndege. Tulifika Bethesda, tukampakia Guka na kiti chake cha magurudumu na fimbo moja ndefu, na gari likateremka kuelekea mto Potomac, pale mfereji wa zamani unapopita karibu na maji na njia ni tambarare. Mama akazima gari.

"Ndiyo hapa?" nikauliza.

"Ni hapa. Ulifikiria tunaenda wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakukuwa na ndege, hakukuwa na bahari. Palikuwa na mzee mwenye blanketi magotini, mto wa kijivu wenye barafu nyembamba kando, na mama yangu akimfungia shali. Na kikopo.

Guka alivua kofia. Alitoa kichupa kidogo mfukoni, akamimina pombe majini taratibu, midomo ikimcheza. Mama, mtu wa maombi, aliangalia pembeni, maana kwao kumwagia maji pombe ni kuita mizimu. Kisha Guka akamwomba na yeye aseme neno, na Mama akasali sala ndefu kwa lugha ya kwetu Limuru, akiombea mto, samaki, serikali zote mbili na miguu ya Guka, na mzee akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama akamfunga nzi kwenye kamba. Nilimtazama akiangalia kazi yake mara ya mwisho. Alikuwa na fahari, na haikumpa nafasi ya kukagua.

Mtu ambaye hakuweza kufunga vifungo vya shati lake aliinua ile fimbo, na mkono ukajua. Kamba ilikwenda nyuma, ikanyooka, ikaenda mbele, ikalala juu ya maji bila kelele. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mama alikuwa amekamata kiti kwa nyuma, akilia na kucheka. Mara ya tatu Guka alipoivuta kamba, ndoana ilirudi tupu, na kitu cheusi chenye rangi ya chungwa kilikuwa kikienda zake na maji.

Guka aliitazama ndoana kwa muda mrefu. Mama akainama mbele yake.

"Pole, mzee," akamwambia kwa Kiingereza. "Mkono wangu umeharibika. Mimi sifai tena."

Ningeweza kusema hapo hapo. Sikusema. Mama akaishika ndoana, akaigeuza kwenye mwanga, akaona kipande cha uzi kilichosalia, kimekatwa kwa ncha iliyonyooka. Akanitazama mara moja, akaiweka mfukoni, akaanza kusukuma kiti.

Tulipomrudisha Guka na kumkalisha dirishani, Mama alinivuta hadi jikoni akafunga mlango.

"Uzi yangu haifunguki hivyo. Umekata na nini?"

"Ile ya kucha."

"Kwa nini? Nilikukosea nini?"

Nilikuwa sina pa kukimbilia. "Ulisema unapeleka nzi," nikamwambia. "Ulisema utarudi jioni."

Nilidhani ataniwasha kofi. Alishika ukingo wa sinki, akasimama hivyo mpaka nikahisi nimefanya kosa jingine kubwa zaidi. Halafu akasema kwa sauti ya chini sana, "Enda umwambie Guka. Wewe mwenyewe. Mtu akikosea anaenda anasema."

Nikaenda. Nilimweleza yote, mashine ya kucha, mate, yote, kwa Kiingereza changu cha shule. Guka alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akanikamata mkono, macho yanang'aa.

"Ni samaki," akasema. "Ulimwona? Mkubwa. Amechukua kila kitu ameniachia ndoana. Siku ya kwanza ya msimu!"

Nikamwambia hapana, ni mimi. Akanipigapiga mkononi akasema ndiyo, ndiyo, siku ya kwanza. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau au alikuwa amenisitiri. Alikufa kabla msimu haujafungwa, na Mama hakufunga nzi mwingine tena.

Jioni tulikaa ndani ya gari mbele ya nyumba ya Guka, mkanda nimefunga, na Mama hakuwasha. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili akitazama mbele, barabarani ambako hakukuwa na kitu.

"Na mimi niko na jambo la kukuambia," akasema. "Ile siku, sikuwa napeleka nzi. Lile boksi lilikuwa tupu. Tulipatana na Shosho. Nilijua ukilia pale kwa gate sitaenda. Nilikudanganya, mtoto wangu. Nisamehe."

Katika maisha yangu sikuwahi kusikia mzazi akimwomba mtoto msamaha. Kwa wenzangu wa rika langu, nadhani hata ninyi wengi hamjasikia. Nikasema sawa.

Halafu akauliza, bila kunigeukia, "Ulinisubiri mpaka saa ngapi?"

Nilimsubiri pale kwa geti, juu ya kigoda cha kukamulia ng'ombe, mpaka Shosho akaja na taa kunibeba. Nikamsubiri kesho yake. Nilimsubiri kila jioni mpaka mvua za masika zikaja, na kila mwanamke aliyepanda kile kilima na sweta la kijani nilimkimbilia, nikarudi, nikakaa. Shosho alikificha kile kigoda, nikawa nakaa chini. Yote haya nilikuwa nayo mdomoni, na nilikuwa nimetoka kufundishwa kusema ukweli. Niliangalia mikono yake pale kwenye usukani, kucha fupi, alama za ndoana vidoleni.

"Nililala mapema, Mami," nikamwambia. "Hata sikujua."

Alishusha pumzi, akapangusa uso kwa shali, akawasha gari. Aliishi akiamini hivyo miaka yote iliyobaki.